Mwaridi Chini ya Matofali

2 Aprili

Ukuta umeanguka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dada yangu yeye alijenga ukuta ukiwa na ufa wake tayari, na mvua ya kwanza tu ya msimu, alfajiri hii, umelala chini. Ungeangukia upande wake ningenyamaza. Umeangukia mwaridi wa baba.

Niliusikia nikiwa bado kitandani. Nikatoka mbio, kandambili mguu mmoja. Mwaridi uliokuwa umepanda ukuta mzima, ukavuka, ukaenda kuchanua upande wa pili ambako mimi hata siuoni, sasa ni vitawi viwili vitatu vinavyochungulia kwenye matofali, na majani yamegandamana na tope. Mzizi uko kwangu, maua huwa yanakwenda kwake. Ndivyo ilivyo tangu tugawane nyumba: mimi nafagia majani makavu, yeye ananusa.

Dada naye alitoka, akasimama kwake, mtandio kichwani. Kwa mara ya kwanza tangu ajenge huo ukuta wake hapakuwa na kitu kati yetu, hata kijiti. Nikamwambia paka, kwa sauti ya kutosha: "Unaona, Malkia? Kitu cha dhuluma hakidumu."

Dada akaingia ndani, akawasha redio, akaiambia: "Na wewe mtangazaji, asubuhi yote hii umeamka na maneno?"

Niandike hapa, asije mtu siku moja akasoma akadhani tuna wazimu. Mimi na dada yangu hatusemezani. Baba alipofariki tuligawana nyumba, mimi vyumba vya mbele, yeye vya nyuma, ua ukabaki wa wote. Siku moja nikaenda kupeleka sare za shule, maana ndiyo kazi yangu, kushona sare, nikarudi nikakuta ua una ukuta katikati. Eti wateja wangu wanamkanyagia mboga zake. Tangu hapo hakuna salamu. Lakini kuishi nyumba moja bila kuambiana kitu haiwezekani, maji yatamwagika na mwizi ataingia. Kwa hiyo mimi namwambia paka, yeye anaijibu redio, na kila mtu anasikia alichotakiwa kusikia. Umeme ukikatika anaijibu vilevile.

3 Aprili

Ametundika shuka. Kwenye waya wa kuanikia nguo, kutoka pembe hii mpaka ile, shuka la maua ya zambarau. Upepo ukivuma namwona miguu mpaka magotini, lakini heshima ya ukuta imebaki palepale.

Nimempigia fundi aliyeujenga. Jina lake nimeshalisahau, mtaa mzima tunamwita Niko Njiani. Amesema yuko njiani.

4 Aprili

Mvua imepumzika, nimeinamia matofali tangu asubuhi. Mashati ya watu yako mezani hayana vifungo, mimi nabeba matofali ya ukuta ambao sikuutaka. Nilipofika chini nikatamani ningeyaacha. Shina kuu limepasuka kama kuni, matawi mawili marefu yamechunika ngozi mpaka weupe wa ndani unaonekana, jingine limevunjika likaning'inia kwa uzi.

Watu watasema ni ua tu, kanunue jingine. Hili haliuzwi. Baba alikuwa mtunza bustani wa shule, na tawi la mwaridi huu alilitoa kwenye mti mmoja wa pale shuleni, mti ambao ulishang'olewa zamani wakajenga choo. Akalipandikiza kwenye shina la mwaridi mwitu, akalifunga, akakaa nalo kama mtoto mchanga. Maua yake ni rangi ya chai iliyozidi maziwa, sijayaona popote pengine. Huu ukifa, basi, hakuna mwingine.

Nikachukua kisu cha jikoni, nikaanza kukata. Redio ya dada ikapunguzwa sauti ghafla, tusikie vizuri.

"Ndiyo, mtangazaji," akasema nyuma ya shuka, "kuna watu duniani wanatibu mti kwa kisu cha vitunguu."

"Malkia," nikamwambia paka, "wenye mkasi wa marehemu wameukalia. Sisi tukate kwa meno?"

5 Aprili

Asubuhi nimekuta mkasi wa baba wa kupogolea juu ya rundo la matofali, upande wangu. Umenolewa na kupakwa mafuta. Nimemwambia paka asante. Redio ikasema ni wakati wa taarifa ya habari.

6 Aprili

Mvua kutwa. Nguo hazikauki, umeme hakuna, Niko Njiani yuko njiani.

8 Aprili

Leo nimeupogoa. Mgongo huu hata kuandika sijui nakaaje.

Nilianza na lile tawi lililovunjika, nikaliwekea mkasi katikati. Nyuma ya shuka redio ilikuwa inatangaza mpira. Dada akakohoa.

"Mtangazaji, mtu akikata katikati ya tawi si anaacha kisiki kioze?"

Nikashusha mkasi. "Malkia, siku hizi kila mtu bwana shamba."

"Macho, mtangazaji! Kila palipokuwa na jani pana jicho. Akate juu kidogo ya jicho linalotazama nje, akate mshazari, maji yateremke. Mbona hata mtoto anajua?"

Nikainama nikatafuta. Kweli, kadoa kekundu kadogo kama kichunusi, na kanatazama nje. Sikuwahi kukaona maisha yangu yote. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyembebea baba kikapu, mimi nilikuwa na mama kwenye cherehani. Nikakata juu yake, mshazari. Upande wa pili kimya, na kimya cha dada yangu maana yake umepatia, kwa sababu angekuwa na la kusema asingeliacha likalala.

Tukaendelea hivyo, mimi na paka, yeye na mpira. Tawi lililochunika pande zote, akasema, halina maisha, litoke. Lililochunika upande mmoja lifungwe, lisikazwe. Nikafunga kwa mabaki ya vitambaa vya sare, bluu na kaki, mwaridi ukawa kama mwanafunzi aliyetoka kupigana. Mchezaji mmoja akakosa goli, dada akamlaani yeye na mimi kwa pamoja, sikujua lipi langu.

Nilipofika kwenye shina kuu, lile lililopasuka, nikaona nisijisumbue, nilikate chini kabisa nimalize. Nikashuka na mkasi mpaka karibu na ile nundu iliyoko juu ya udongo.

"Si hapo, we punguani!"

Shuka likapepea, nikaona magoti yake yamesimama wima. Halafu akamalizia, polepole:

"...mtangazaji."

Nilijiziba mdomo kwa kiwiko nisicheke. Baada ya kicheko hasira ikaja. Miaka yote hii, neno la kwanza la kuniambia mimi mwenyewe, na ni tusi. Sikumjibu, kwa kuwa kwa taratibu zetu alikuwa anamwambia mtangazaji.

Nikalikata juu zaidi. Baadaye akaieleza redio, bila kuulizwa, kwamba ile nundu ndipo baba alipounganisha. Juu yake ni mwaridi wetu, chini yake ni mwitu. Ukikata chini ya nundu umemwua wetu na kumwachia mwitu nyumba.

Kilichobaki ni visiki vya kimo cha goti. Ukiutazama utadhani tumeuadhibu.

9 Aprili

Mvua. Vidole vimejaa miiba, sindano siishiki.

11 Aprili

Huyu paka ataniua. Nimeamka nimekuta amelala juu ya mashati meupe, yale ya oda ya shule, niliyomaliza jana, na miguu yake yote ni tope. Mashati yote ya juu yana nyayo. Nilimtimua kwa ufagio mpaka uani, napiga kelele mtaa mzima usikie.

"Toka! Umezeeka, kazi yako kula na kulala na kunichafulia! Nenda kaishi kwa wanao, hapa hakuna aliyekushikilia!"

Wanawe wako duka la kona, wakubwa sasa, wanono kuliko yeye. Wala hakwenda. Alikaa juu ya matofali akajilamba. Nimefua mashati kutwa, na jua lenyewe halipo.

13 Aprili

Redio ya dada kimya tangu juzi. Afadhali, nimemaliza kola zote.

16 Aprili

Bado kimya. Nimemwambia paka mvua hii itatugharikisha, hakuna jibu. Nimemwambia bei ya uzi imepanda, hakuna jibu. Nimeangusha sufuria makusudi. Mtu mzima ananuna bila hata kusema amenunia nini, mimi nijue nimtibu ugonjwa gani?

18 Aprili

Umechipua!

Nilikuwa napita na ndoo ya maji machafu, macho yakaangukia chini kwenye shina, na hapo hapo chipukizi jekundu, nene, limesimama kama kidole. Nikaweka ndoo chini nikapiga vigelegele peke yangu. Jirani mwenye duka akapaza sauti kuuliza nani anaoa.

Nikamwambia paka kwa nguvu zote: "Malkia, mwaridi wa baba umechipua! Mkono wangu huu!" Nilijua dada hatavumilia, lazima atadai ni mkono wake. Hakusema kitu. Sikujua furaha ya mtu mmoja inachosha hivi.

19 Aprili

Chipukizi limepita kiganja. Niko Njiani ameonekana sokoni, amenikimbia.

22 Aprili

Kuna jambo. Asubuhi mwenye duka kapita na kuku wa dada kwapani. Nikadhani kamnunua. Mchana kapita na wawili wengine. Dada na kuku wake! Watu ambao alikuwa akiwaita kwa majina! Jioni upepo ukainua shuka nikaona maboksi mlangoni kwake, yamefungwa kamba.

Mboga zake pia hazijapaliliwa. Sitauliza. Mtu akitaka nijue atanijulisha.

24 Aprili

Mtoto wa dada amenipigia simu. Ni dereva wa lori, anaishi mji wa mbali na mkewe na watoto, vyumba viwili. Huwa hanipigii, ana akili, hataki kuingia kwenye yetu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba. Wazima huko?"

"Wazima. Mama mdogo, mbona umemfukuza mama?"

Nilikaa chini, juu ya shati la mtu.

Akanieleza. Mama yake kampigia analia, jambo ambalo hajawahi kulisikia, kasema mdogo wake kamwambia wazi, mbele ya mtaa, kwamba amezeeka, kazi yake kula na kulala, aende akaishi kwa wanawe, hapa hakuna aliyemshikilia. Kasema hawezi kukaa mahali alipofukuzwa. Jumamosi lori linakuja kumchukua.

"Nilikuwa namwambia paka!" nikasema.

"Mama mdogo, nyinyi kila siku mnamwambia paka."

"Paka wa kweli! Alilala kwenye mashati!"

Akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa: "Mimi mama yangu siwezi kumkatalia. Nitalaza watoto jikoni. Lakini kama kuna neno, lisemeni nyinyi wawili kabla ya Jumamosi. Mimi nimechoka."

Amechoka yeye.

25 Aprili

Nimejaribu. Nimesimama karibu kabisa na shuka, paka mkononi, asije akasema hakusikia.

"Malkia, siku ile nilikuwa nakwambia wewe. Wewe, paka, mwenye mkia. Sikuwa namwambia mtu yeyote mwingine."

Nikajisikia nikisema, nikajua hata mimi ningekuwa upande wa pili nisingeamini. Si ndivyo tunavyosema siku zote tunapotaka kumchoma mtu halafu tusishikwe? Paka akanikwaruza akaruka.

Nyuma ya shuka nilisikia utepe wa gundi ukivutwa, anafunga boksi jingine.

26 Aprili

Redio imewashwa! Nikaacha cherehani nikakimbilia uani na kitambaa mkononi.

"Mtangazaji," akasema. Sauti imekauka. "Kabla sijaondoka nikwambie, lile chipukizi ni la mwitu. Limetoka chini ya nundu. Likiachwa litanyonya mzizi wote, na wa baba hautaamka tena. Ling'olewe."

Halafu ikazimwa.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio. Kitu kimoja tu cha kijani kwenye ua mzima, nimekipigia vigelegele, na anataka nikiue. Anaondoka, na anataka aondoke na mwaridi pia. Ndivyo nilivyosema moyoni, na nimeandika kama nilivyosema.

Ila nilikwenda nikachutama, nikafukua udongo kwa kidole. Chini ya nundu, kweli. Na majani yake ni madogo, yamejazana, si yale niliyokuwa nikifagia miaka yote. Juu, kwenye visiki vya baba, hakuna hata jicho moja lililofumbua. Nikilitoa hili hakuna kitakachobaki cha kutazama.

27 Aprili

Kesho ndiyo Jumamosi. Mchana nikavuka. Mlango haupo, ukuta haupo, ni kuinua shuka tu na kuingia, na nilisimama mbele ya shuka lile kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

Dada alikuwa anakunja mapazia. Hakuinua macho. Amekonda, au ni muda mrefu sijamwona karibu.

"Dada, shikamoo."

Akakunja pazia mpaka mwisho. "Marahaba."

"Siku ile nilikuwa namwambia paka."

"Paka."

"Alilala kwenye mashati meupe. Na miguu ya tope. Wanawe wako pale dukani, ndio niliomwambia aende akaishi nao."

Akanitazama. Nikaona hasira inapanda usoni kwake taratibu, kutoka shingoni. Nikaona afadhali, kile kimya kilikuwa kimenichosha.

"Kwa hiyo mimi nimegawa kuku wangu wote kwa sababu ya paka?"

"Ungeuliza!"

"Nimuulize nani? Paka?" Akatupa pazia kitandani. "Na yale mengine? Dhuluma haidumu, wenye mkasi wameukalia, miaka yote hii? Nayo yalikuwa ya paka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa limefika mpaka kwenye ulimi.

"Hapana," nikasema. "Yale yalikuwa yako."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa hesabu ikawa sawa. Akaketi kwenye boksi. "Na mimi yangu yalikuwa yako," akasema. "Huyo mtangazaji hata simjui."

Tukakaa. Hapo ndipo nilipotakiwa kulisema lile neno, na sikulisema. Nikasema eti maboksi yamefungwa vibaya. Akasema sikuombwa kuyafungua. Nikasema kuhusu chipukizi, kama ana hakika. Akasema kama sina imani niende nikamuulize paka. Nikatoka. Mjinga mimi, na shuka likaninasa kichwani wakati wa kutoka.

28 Aprili

Lori lilifika mapema, mvua inanyunya. Mwanawe akanisalimu bila kunitazama, akaanza kupakia. Kitanda, kabati, maboksi. Nilisimama mlangoni kwangu na sindano mdomoni kama nina kazi.

Kila kitu kilipokwisha dada akatoka, kavaa vizuri, mkoba mkononi. Nikajua anakwenda kwenye gari. Hakwenda. Alipita shuka, akapiga magoti kwenye tope na nguo zake zile, akafukua shina kwa mikono. Akalishika chipukizi chini kabisa linapoanzia, akalinyofoa. Halikukatwa, lilinyofolewa na kipande cha ngozi. Akalitupa kando.

"Umeuua!" nilipiga kelele. Sindano ikaanguka. "Ndicho kitu pekee kilichokuwa hai!"

"Hakikuwa chetu."

"Kilikuwa hai! Sasa unaondoka, unaniachia vijiti, nikae navyo na nani? Nikiona jicho limefumbua nimwambie nani? Usiende. Basi, nimesema. Simwambii paka, nakwambia wewe. Usiende, dada."

Mwanawe alisimama na kiti kichwani. Mvua ikawa inatunyeshea sote watatu, hakuna aliyesogea.

"Ulikuwa unangoja nini?" dada akauliza. "Kabati langu liko juu ya lori tangu alfajiri, ndiyo unasema?"

"Sasa ningesema saa ngapi, na wewe unanitukana?"

Akainuka kwa kushika magoti, akajifuta tope mkononi. Akatazama lori, akatazama visiki. Namjua dada yangu. Akishasema naondoka, kubaki ni kama kukiri kosa, na hilo hajalifanya tangu kuzaliwa.

"Mimi nikisema naondoka naondoka," akasema mwishowe. "Nimeshamwahidi mwanangu. Lakini nikienda leo, mti huu ukafa, utaniimba mpaka kaburini kwamba niliuua mimi. Kwa hiyo naahirisha. Nakaa mpaka mti ujulikane. Ukipona au ukifa, siku hiyohiyo nampigia simu, anakuja."

"Mama," mwanawe akasema, kiti bado kichwani, "nishushe au nisishushe?"

"Shusha. Na taratibu, hilo kabati lina kioo."

Alishusha vyote peke yake. Nilimpa chai, akainywa akiwa amesimama, akacheka kidogo, akaondoka na lori tupu.

3 Mei

Niko Njiani amefika, na toroli na bashasha zake, tayari kujenga. Dada alimsomea yote aliyomwekea tangu ukuta udondoke. Nilipotaka kuongeza langu akaniambia nisimwingilie. Fundi akatutazama mmoja mmoja, akasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, naye ndiyo kwanza amekuja na koleo. Amefukuzwa. Shuka limefuliwa, limerudi kitandani.

9 Mei

Nilikuwa nimesahau kwa nini ukuta ule haukuniuma sana. Dada haingii kwa hodi. Anaingia na kikombe, anakaa kwenye kitambaa nilichopima, anaikosoa kola. Leo kaniambia vifungo vimekwenda upande, mbele ya mteja. Amerudisha kuku mmoja kutoka dukani, na kuku huyo analala chini ya cherehani yangu.

15 Mei

Mwanawe kapiga simu kuulizia mti. Dada kamjibu: "Bado haujulikani." Mvua zinapungua.

20 Mei

Hakuna jicho. Dada anasema mwaridi huchelewa. Tumegombana kuhusu samadi, ameweka na mimi nimeweka, wote kwa siri. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tumekubaliana zamu: leo wake, kesho wangu, samadi hakuna.

28 Mei

Jua siku nzima. Mashati yamekauka kabla ya saa sita. Visiki vilevile.

4 Juni

Mvua zimekwisha. Leo alikuwa amekwenda dukani kugombania kuku wake wa pili, nami nikaona nipate jibu. Nilichutama, nikakikwaruza kisiki kikubwa kwa ukucha, nipate ule ukijani wa chini ya ngozi. Kahawia. Nikakwaruza kingine. Kahawia, kikavu, kinatoa unga. Vyote. Nikakwaruza nundu yenyewe, aliyoifunga baba. Kavu.

Nililia kidogo, nikajifuta kwa tepu ya kupimia kwa kuwa ndiyo iliyokuwa shingoni. Halafu nikachukua udongo nikapaka pale nilipokwaruza, pasionekane.

Aliporudi nikamwambia kuku wake ananuka. Mengine sikumwambia.

5 Juni

Leo zamu yake. Nilikuwa dirishani natunga uzi. Alitoka na ndoo, akaiweka chini, akatazama mlangoni kwangu, akadhani sipo. Akachutama. Akakwaruza kisiki kwa ukucha. Kile kile, karibu na pale pangu.

Alikaa amechutama muda mrefu, mkono umefunika mdomo. Nikasubiri ainuke aende kwenye simu. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa nguo yake, niliiona ilivyotuna.

Akachota udongo kwa vidole, akapaka pale alipokwaruza. Akainuka. Akachukua ndoo, akamwagilia polepole, kuzunguka shina lote.

Nikatoka nje nikapaza sauti. "Usimwage mengi! Mizizi itaoza!"

"Nimekuuliza?" akasema, bila kugeuka. "Mwaridi huchelewa. Wewe ngoja zamu yako."